Matofali Matatu Ndani ya Beseni

Shamba la babu liko juu ya mtaa wa Kinanira, pale lami inapoishia. Nyumba ilikuwa imeinama upande mmoja, na zizi halikuwa limeona ng'ombe tangu nikiwa shule ya msingi. Aliyerithi ni shangazi yangu, muuza vitenge wa soko la Jabe. Nilipomaliza chuo kikuu nilimwomba tuligeuze shamba liwe mahali pa kulaza makundi: kwaya, wanafunzi, watu wa semina. Maji ya mvua, umeme wa jua, choo cha majivu kisichotumia maji, na zizi liwe bweni la vitanda ishirini. Kuta zingekuwa za matofali mabichi, maana sikutaka mti hata mmoja uingie kwenye tanuri.

"Umesoma miaka yote hiyo ili uturudishe mu udongo?" aliniuliza.

Hata hivyo alinipa muda hadi Jumapili ya mwisho wa Agosti. Mtu mmoja wa mtaa wa Mutanga Nord alitaka kununua shamba lote ajenge ghorofa. Shangazi angekuja kuutazama ukuta wa bweni. Ukimridhisha, tunaendelea. La sivyo, anauza.

Nilichanganya udongo na mchanga kwa vipimo nilivyotoka navyo darasani. Fundi wetu, mtu mzima kutoka Uvira, Kongo, hakubisha, alijenga tu. Lakini pembeni alikuwa na shimo lake, humo akikanyaga udongo wenye mavi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa, kisha akiuacha uchachuke wiki nzima kabla ya kufyatua.

"Hayo matofali ni ya nini?"

"Ya jiko ya bibi yangu. Mi sina diplome, najenga tu jiko."

Jibu hilo lilinikera usiku na mchana. Kwa nini jiko la mke wake lipate udongo wa namna yake, na bweni letu lisipate? Ijumaa, siku mbili kabla ya shangazi kuja, ukuta ukiwa umefika madirishani, nilijaza beseni maji, nione lipi lingestahimili mvua, nikatumbukiza matofali matatu: moja langu, moja lake, na moja nililong'oa kwenye nyumba ya babu.

Fundi alipita na toroli. "Madamu injeniere, unaogesha matofali? Usisahau sabuni."

Kabla ya saa moja kwisha, langu lilikuwa uji. Lake lilikuwa na kona zake zote. La babu lililegea kidogo tu, na nilipolivunja nikakuta nyasi ndani.

"Ulijua?" nilimuuliza fundi.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"We uliniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimewabishia walimu, vitabu na shangazi, lakini mtu aliyeshika mwiko sikumuuliza neno. Nilipaswa kuona aibu, na niliiona, ila furaha iliipita mbali. Sasa nilijua. Nilichukua nyundo tukaanza kubomoa, nikicheka peke yangu.

Jumapili shangazi alifika akitoka kanisani. Ukuta ulikuwa umebaki wa kufika magotini.

"Ukuta uko wapi?"

"Tumeubomoa, Tantine. Nilikosea." Nikamweleza yote, haraka mno, matope yakinidondoka viwikoni.

Shangazi alichagua tofali kavu kwenye rundo la fundi, akalinusa, akalisugua kwa kidole gumba. "Weka mu maji."

Akavuta kigoda akakaa mbele ya beseni, mkoba magotini. Simu ikalia. Alikuwa yule mnunuzi wa Mutanga.

"Apana, leo siwezi. Niko naangalia kitu... Apana, siyo mugonjwa. Ni tofali."

Ilipolia tena hakuipokea. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, alipokunja mkono wa nguo yake, akaingiza vidole majini na kupapasa kona moja baada ya nyingine.

"Upande wa ziwa mutaweka madirisha ngapi?" akauliza.

"Ine," alisema fundi, akionyesha vidole vinne.

"Weka sita."

Wote wawili wakanitazama. Nami nikamgeukia fundi, nikamuuliza kama ukuta wa udongo wake utabeba madirisha sita.

Alifikiri, akiupima ukuta kwa macho. "Tano," akasema.