Mkono wa Kulia, Njia ya Kabambare

Mdogo wangu wa kiume alinipigia simu Kasongo, ninakoishi, siku ya Alhamisi. "Dada, baba anakuita. Iko na neno anataka kukuambia."

"Neno gani?"

"Sisi anatukatalia. Anasema ni yako peke yako. Fanya haraka, hali yake si muzuri."

Baba na mimi tulikuwa watu wa salamu tu. Niliolewa bila yeye kupenda, na tangu hapo kila nilipokwenda Kabambare aliniuliza habari za watoto, akageukia redio yake. Sasa ananiita. Kunisamehe au kunilaani? Sikujua, na kutojua huko kulinikera kuliko ugonjwa wenyewe. Naona aibu kulisema hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa asubuhi nilipanda pikipiki. Kabla hatujafika nusu ya safari tukakuta daraja la miti limechukuliwa na maji. Motari akazima injini, akasema pikipiki yake haijui kuogelea. Mtu aliweza kuvuka kwa gogo moja lililobaki. Nikavuka, kitenge kimefungwa juu ya magoti, mfuko kichwani, na kuanzia hapo ikawa ni miguu tu.

Msitu wa kule ni tambarare. Hakuna kilima cha kukuonyesha umetoka wapi, hakuna bonde la kukuambia umefika wapi. Unatembea kwa saa tatu na miti ni ileile, mpaka unaanza kuiona kama inakucheka. Nililala kwa watu wema waliokuwa jamaa wa mume wangu, na Jumamosi nikaamka asubuhi na mapema.

Mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo kando ya njia alinipa maelekezo. "Mbele utakuta njia mbili. Shika ya kulia. Ile ya kushoto inaenda ku mashamba, itakupoteza. Ukishika ya kulia, mbele ya saa sita kufika uko Kabambare."

Maelekezo mazuri kabisa, kwa mtu mwenye akili zake.

Nilipokuwa mdogo mama alinifundisha kwamba mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Nikaelewa. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nakula kwa mkono mwingine. Kwa hiyo nikajua, bila wasiwasi wowote, kwamba kulia kwangu ni upande huu, na watu wengine wana kulia kwao. Nilichapwa vidole kwenye sahani mpaka nikabadilisha. Mkono ulihama, kichwa hakikuhama sawasawa. Leo nafundisha darasa la kwanza, nawaambia watoto wanyanyue mkono wa kulia, na kila asubuhi inabidi kwanza nijiulize kimoyomoyo.

Pale penye njia mbili nikasimama. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na katika kichwa changu baba alikuwa anasema neno lake kwa namna kumi tofauti. Nikanyoosha mikono yote miwili mbele yangu. Nikajisahihisha. Kisha nikaogopa kwamba nimejisahihisha mara mbili, nikajisahihisha tena. Nikashika njia.

Msitu ukaisha. Ukaja mchanga mweupe, majani makavu, vichaka vifupi vya hapa na pale. Nilivua kandambili kwa sababu zilikuwa zinachota mchanga. Nikajiambia labda njia imebadilika, miaka mingi sijaipita kwa miguu. Nikatafuta jua linisaidie. Lilikuwa katikati ya utosi, halionyeshi mashariki wala magharibi. Nilianza kuzungumza peke yangu, kwa hasira, kana kwamba kuna mtu aliyenidanganya.

Mwanaume mmoja alitokea mbele akisukuma baiskeli yenye bidoni zilizojaa mafuta ya mawese.

"Mama, unaenda wapi na hii njia?"

"Kabambare."

"Kabambare? Kabambare iko kule unatoka! Huku ni mashamba tu. Pale ku njia mbili ulishika ya wapi?"

"Ya kulia."

Akanitazama, akatazama mkono niliokuwa nimeunyanyua kumwonyesha, akacheka mpaka baiskeli ikataka kuanguka. "Ile ni ya kushoto, mama." Nilitaka kumtukana. Badala yake nikageuka na kumfuata, nikilia kama mtoto.

Nilifika nyumbani alasiri. Watu wameketi mikekani uani, na sikuweza kusoma kwenye nyuso zao kama ni kilio au ni kumwangalia mgonjwa. Mdogo wangu akaja kunipokea mfuko.

"Iko muzima," akasema. "Lakini aliongea mpaka saa sita. Alikuwa anauliza umefika wapi. Kisha ulimi ukakataa."

Nilikaa kando ya kitanda siku tatu. Nilimtajia mambo moja moja: ndoa yangu, shamba la marehemu mama, watoto. Nilimwomba afumbe macho nikiligusa neno lenyewe. Alinitazama tu. Siku ya nne tulimzika.

Watu wakiniuliza baba aliniachia neno gani, nasema alinibariki. Nimelisema mara nyingi, na mume wangu analirudia kwa wageni. Ni uongo.