Choo Kando ya Alama Nyekundu

Naandika hili nikiwa na shaka. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na siku zile mtoto akiumwa akili haikunitulia, kwa hiyo maneno ya watu huenda nimeyapindisha kidogo. Lakini ukuta naukumbuka vizuri.

Mwanangu wa mwisho alikuwa ametoka kituo cha afya kwa mara ya pili, kuhara na kutapika. Safari hii alirudi mwepesi, ukimbeba ni kama umebeba kanga tupu. Muuguzi aliyemchomoa dripu aliniuliza, "Mama, choo chenu kiko wapi?" Nikamwambia ziwa limepanda, limeingia chooni. "Na maji mnachota wapi?" Nikainama kumfunga mtoto mgongoni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ukimrudisha pale pale, ugonjwa nao unamsubiri pale pale. Akija tena hivi, mama, mimi siwezi kukuahidi kitu."

Tulipanga chumba Ujiji, chini kabisa, karibu na mchanga ninapoanika dagaa. Watu wa Mwanga, kule juu, huuliza kwa nini hatuhami. Ningekuwa huko na mimi ningeuliza. Ila kodi ya Mwanga ingemeza dagaa wangu wote, na dagaa wenyewe hawaanikwi Mwanga.

Nyumba ile ilikuwa na X. Watu wa halmashauri walipita wakapiga rangi nyekundu kila nyumba iliyo ndani ya mita sitini kutoka majini. Siwezi kusema walikosea, maana ziwa lenyewe limewapa haki. Lakini tangu siku hiyo tukaambiwa hakuna kuunga bomba, hakuna kukarabati, hakuna kuongeza tofali. Basi tukawa tunachota ziwani, huko huko choo kilikovujia.

Uani palibaki sehemu moja kavu, nyuma, chini ya ukuta wenye X. Na ugomvi ulianzia hapo.

Mama mwenye nyumba, mjane wa umri wa bibi yangu, alikuwa ameifunika ile alama kwa nailoni isinyeshewe. Hakuwa peke yake. Mtaa mzima tuliamini kwamba X ndiyo hati yenyewe, kwamba siku ya fidia watapita wakitazama alama, na ukuta usio nayo haulipwi. Wapo walioona yao inafifia wakaipaka upya kwa mikono yao. Yeye alishachagua hata pa kwenda, Kidahwe, kwa ndugu zake.

"Bibi, naomba tuchimbe choo pale nyuma," nikamwambia.

"Kwenye X yangu?"

"Hakuna pengine pakavu."

"Ukiziba pale kwa choo, X ataiona nani? Nzi?"

Jirani yetu, aliyekuwa anapepeta dagaa ng'ambo ya ua, akaangua kicheko. "Mwache bibi na bibi harusi wake. Huoni kamvisha shela?"

"Cheka tu," mama mwenye nyumba akamjibu. "Yako mvua imeshaifuta. Utakuja Kidahwe kuniomba ukoko."

Mimi sikuweza kucheka. Mtoto alikuwa mgongoni, na nilisikia tumbo lake likinguruma kwenye uti wangu wa mgongo. Nikaganda nikisubiri kama kuhara kumerudi.

"Bibi, huyu akirudi kule kituoni tena, sijui kama nitatoka naye."

Akamtazama mtoto, kisha ukuta. "Mwana wanje, mwanangu, unadhani mimi sijui? Nimezika kutoka nyumba hii. Lakini nikikosa fidia, nilale wapi uzee huu?"

Nikamkaza mtoto mgongoni, nikarudi kugeuza dagaa.

Haikupita siku nyingi akaja bwana afya. Choo kijengwe, ama nyumba ifungwe. Kabla hatujapumua akaja bwana ardhi. Ole wake atakayejenga. Wote wawili wanatoka halmashauri ile ile. Sikuwaona wabaya. Kila mmoja alishika upande wake wa sheria, ila mtoto wangu alikuwa katikati.

Huyu wa ardhi alikuwa kijana aliyehamishiwa Kigoma kutoka mkoa mwingine, mwenye adabu. Alimwamkia mama mwenye nyumba kwa heshima, naye akamwongoza nyuma, akainua nailoni polepole, kama anayemfunulia mgeni kichanga kilicholala.

"Nimekutunzia," akasema.

Kijana akakuna shingo. "Bibi, nisikudanganye. Hiyo ni ya kuwaambia mhame tu. Kama fidia ipo, watakuja wathamini wapime nyumba. Wao hawaangalii rangi."

"Hata ikifutika?"

"Hata ikifutika."

Nikaona ndiyo nafasi yangu. "Na choo, baba?"

Akamtazama mtoto. "Mkitumia mawe, miti na bati bovu… hapo mimi sijaona tofali," akasema, akaondoka bila kugeuka.

Mama mwenye nyumba alibaki ameshika nailoni. Nilidhani atalia. Akaingia ndani, akatoka na tarimbo la marehemu mumewe, akalitupa miguuni pangu.

"Chimba. Lakini kisiguse ukuta."

Tulichimba mimi na yule jirani aliyecheka, na kila pigo nikiogopa kuona maji. Yalitokea tukiwa tumefika kiunoni. Tukarudishia udongo kidogo kuyafunika, tukainua choo juu kwa mawe, ukipanda ni kama unapanda jukwaani.

Mtoto hajarudi kule kituoni. Sijui ni choo, au ni vile nilianza kuchemsha maji, au ni Mungu tu. Nyumba bado ina X, nasi bado tumo.

Asubuhi moja nilimkuta mama mwenye nyumba amejipenyeza ubavuubavu kati ya choo na ukuta, anafunga nailoni upya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Yule kijana ni mgeni hapa," akasema bila kunitazama. "Huenda wenzake hawajamwambia habari ya X."

Upepo wa ziwa ulikuwa unaipeperusha ncha ya pili ya nailoni. Nikaishika, akafunga fundo.