Ndoo ya Muhogo Mchungu

Tangu tumzike baba kule Kwamsisi, mama alikuwa akionja chakula kidogo tu, kisha anageukia ukuta. Nilimleta kwangu Manundu, nikampikia wali, nikampikia mtori, vyote vikarudi jikoni. "Sina ninachongoja tena, mwanangu," alisema. Siku moja, bila kuulizwa, akataka bada, ugali wetu wa muhogo, tena ule mchungu wa kuloweka. Nilikwenda sokoni mbio na kanga ya kushindia, nikanunua muhogo, nikaumenya na kuuloweka kwenye ndoo.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Najua kinachotokea ndani ya ndoo: bakteria hutoa kimeng'enya kinachovunja kuta za seli, muhogo ukalainika na sumu yake ikatoka. Kujua hakukunituliza hata kidogo. Nilifunua asubuhi, nikafunua nikitoka shule, nikabonyeza, mgumu. Nilihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Wanaosema subira huvuta heri hawana mama anayekonda chumba cha pili! Na kuupika hivyo hivyo nisingethubutu, maana muhogo mchungu usiolainika unaweza kuua.

Kisha ile harufu ya uchachu iliyokuwa imeanza ikapotea. Hapo niliogopa.

"Umeigusa ndoo?" nilimuuliza mume wangu, mtoto wa nyumba za wafanyakazi wa umeme kule Hale, aliyelelewa na maji ya bomba.

"Maji yalikuwa yananuka," akasema. "Nikayatia vidonge vya kuua vijidudu vya maji, mama asije akaumwa tumbo."

"Umewaua bakteria wote!" Nilimfokea. Nilikuwa na hasira, lakini zaidi nilikuwa na hofu kwamba ile hamu ya mama haitangoja ndoo nyingine.

Mlango wa chumba ukafunguka. Mama alisimama akijishikiza ukutani, anacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu msibani.

"Mwache mkwe wangu. Mwaga hayo maji, utie mengine. Halafu kaombe kwa jirani kipande kilichokwisha kulainika, ukitumbukize humo kirudishe uchachu. Umesahau kwenu?"

Asubuhi yake nilimkuta kwenye kigoda kando ya ndoo, mkono umelowa hadi kiwikoni.

"Shikamoo, mama. Tayari?"

"Marahaba. Bado." Akajifuta vidole kwenye kanga. "Kesho nitautazama tena."