Nusu ya Mwenye Shamba

Mchele mpya una harufu yake. Ukifunua sufuria, mvuke unakupiga usoni, mtamu, kama majani mabichi yaliyochanganyika na maziwa, na madereva wa malori wanaokula kwangu hapa Mikumi hulegea kabla hata sahani haijafika. Husema, Mama Hamisi, leo umetuletea wa Kilosa. Mimi huitikia na kupakua, nikitabasamu inavyotakiwa kwenye biashara. Lakini mwenyewe siuli. Nausubiri ukae ghalani mpaka harufu ipungue. Akiniuliza mtu, namwambia unanijaza tumbo gesi. Ninyi nitawaambia ukweli.

Tulikuwa tukilima Tindiga, huko Kilosa bondeni, kwenye majaruba ambayo hayakuwa yetu. Mwenyewe alikuwa Mzee Kiswagala. Namtaja kwa jina, na najua ameshakufa, na najua mnavyosema kwamba maiti hasemwi. Alipotutenda alikuwa mzima, tena mwenye afya njema.

Mapatano yalikuwa nusu kwa nusu. Baba, mama, mimi na mdogo wangu Hamisi tunalima, tunapandikiza, tunaamia ndege kuanzia alfajiri tukigonga makopo mpaka sauti zinakauka. Mpunga ukishapigwa na kupepetwa, unagawanywa palepale uwanjani kwa debe. Sasa kulikuwa na mila. Debe la mwenye shamba hupima fungu la mwenye shamba, debe la mlimaji hupima fungu la mlimaji, wala hayachanganywi, maana ukichanganya baraka inakimbia. Watu wazima wote walisema hivyo, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mzee Kiswagala.

Debe letu lilikuwa limebonyea ubavuni. La kwake lilikuwa na kitambi. Alikuwa amelipiga nyundo kwa ndani, taratibu, msimu hadi msimu, mpaka bati likatuna kama shavu la mtu anayepuliza moto. Moja lake, moja letu, moja lake, moja letu, na yeye mwenyewe akihesabu kwa sauti laini kama mtu anayevuta uradi. Hiyo ndiyo nusu niliyokua nayo. Sikuona ubaya wowote. Niliamini nusu zimeumbwa hivyo, kama kaka na mdogo wake, moja kubwa na moja ndogo, na ndogo ni ya anayelima.

Shuleni hesabu alitufundisha Mwalimu Eliya. Huyo naye namtaja. Alikuwa mtu wa milimani, amesomeshwa na wamisionari, shati limenyooka kwa pasi ya mkaa, kiatu hakishiki tope hata masika. Chumba alipewa na Mzee Kiswagala, ndani ya ua wake, na chakula akila hukohuko.

Siku hiyo alichora duara ubaoni, akasema hii ni chapati, akaniita nikagawe nusu kwa nusu. Nilikwenda kwa furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliulizwa kitu ninachokijua. Nikapiga mstari pembeni, kipande kimoja kipana, kingine chembamba. Darasa zima likacheka. Mwalimu akaniuliza nusu ni ipi. Nikamwambia zote mbili, hii ya mwenye shamba, hii yetu.

Kicheko kilikufa ghafla. Wenzangu wengi wazazi wao walilima kwa watu. Mwalimu Eliya alinichapa viganjani, kisha, nisimdhulumu, akatufundisha vizuri. Alichana karatasi ya mviringo, akaikunja mpaka ukingo ukalala juu ya ukingo, akapita nayo dawati kwa dawati tuiguse.

"Nusu ni mapacha," akasema. "Ukiona mmoja mnene na mwenzake kakonda, Mwajuma, hiyo si nusu. Huo ni wizi."

Niliondoka na maneno hayo viganja vikiwaka moto. Sijawahi kufundishwa kitu kikaniingia kama kile. Hata leo nikikata ndimu, naangalia kama mapacha wametoka sawa.

Mavuno yakafika. Mpunga umepepetwa, umerundikwa juu ya turubai, mama amejifunga kanga kiunoni anazoa masalio. Mzee Kiswagala akaanza wimbo wake, moja langu, moja lenu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na madebe. Nikasema, tena kwa adabu, nimeanza na shikamoo na nimeshaitikiwa marahaba, kwamba Mzee, hiyo si nusu, madebe hayako sawa, Mwalimu Eliya amesema ikiwa hivyo ni wizi.

Hakukasirika. Watu wa namna ile hawakasiriki haraka. Alicheka, akamwambia baba kwamba binti yako anasoma sana, ngoja tumwite mwalimu wake atupe hesabu. Akatumwa mtu. Mwalimu Eliya akaja na baiskeli, suruali ameibana kwa kibanio cha kuanikia nguo isishikwe na mnyororo. Mimi nilifurahi. Niliona sasa atakunja ile karatasi mbele ya watu.

Aliyatazama madebe yote mawili. Alilishika lile lenye kitambi, akaliweka chini. Hakuomba maji, hakumimina hata punje kutoka hili kwenda lile. Akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Debe ni debe," akasema. "Huyu mtoto hesabu zinampiga chenga toka darasani. Hata nusu ya chapati hajui kuigawa."

Watu wakacheka, na wengine ni walewale walimaji wenzetu. Baba alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Ugawaji ukaendelea mpaka turubai likabaki tupu, ndipo Mzee Kiswagala akasema kwa upole kwamba mtu aliyeitwa mwizi kwenye shamba lake mwenyewe hawezi kulima tena na waliomwita. Msimu ujao tutafute kwingine. Baba alimfuata mpaka nyumbani kwake, akapiga magoti. Nilimwona kwa macho yangu.

Kwingine hakukuwapo. Tukahamia upande wa Ruaha, baba akakate miwa ya watu. Hamisi alifia kule kwa homa, katika mabanda ya vibarua, msimu wa mvua. Jina lake nimempa mwanangu. Kifua cha baba kilikwisha kwa moshi wa mashamba yanayochomwa, akakohoa, akakonda, akaenda. Shule sikuigusa tena. Mwalimu Eliya nasikia alistaafu kwa heshima Kilosa mjini, na wanafunzi wake wanamsalimia njiani.

Miaka yote niliishi nikidhani ni mimi niliyegundua. Nilidhani baba, kwa sababu hakusoma, hakuliona lile debe. Nilimhurumia kwa hilo, na kidogo, Mungu anisamehe, nilimdharau.

Mama aliponiachia dunia nilikuwa nimemuuguza muda mrefu hapahapa Mikumi. Siku moja nikichambua mchele kando ya kitanda chake, akaanza mwenyewe. Akasema msimu wa kwanza kabisa, mimi nikiwa bado mgongoni, baba aliyachukua madebe yote mawili kwenda kuyaosha mtoni. Alijaza maji lile la Mzee, akamimina kwenye letu. Letu likafurika, na la Mzee likabaki na maji. Akayafuta, akayarudisha uwanjani, akapanga foleni ya kupimiwa kama kawaida.

"Nilimwambia tuseme," mama akasema. "Akaniambia, mama Mwajuma, haki haipikwi. Hicho kidogo tutakula, na kikibaki tutamnunulia mtoto sare. Mtoto akisoma, yeye ndiye atakayejua kusema."

Nikamuuliza kwa nini baba hakunionya ninyamaze. Mama akageukia ukutani. Akasema baba hakutaka niende shule na jambo zito kichwani. Alitaka nikae darasani kama watoto wengine, nimsikilize mwalimu, na kila atakachosema mwalimu nikiamini.