Jogoo wa Karani

Mimi nimeliwa na watu wawili, na sioni sababu ya kuwaficha. Wa kwanza ni karani wa dirishani, kule mjini tulikokuwa tukifuata pensheni. Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyekula sahani moja na wanangu.

Nilisugua sakafu za zahanati ya serikali mpaka magoti yakakataa, nikaomba kustaafu nikiwa na miaka hamsini na tano. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo shemeji alijitolea kunisindikiza. Kila baada ya miezi mitatu tulipanda basi hapa Tunduma alfajiri. Karani alikuwa na desturi yake na wastaafu wote tuliijua: huendi mikono mitupu. Wa Iyula walibeba maharage, wa mabondeni Momba walibeba samli, mimi nilibeba jogoo. Asiye na kitu, faili lake lilikuwa halionekani. Nikishalipwa, shemeji alijikatia humo nauli, chakula, na kitu alichokiita usumbufu. Mimi nilirudi na sukari na mafuta ya kupaka.

Likaja tangazo kwamba pensheni sasa zitapitia benki. Siku hiyo hiyo shemeji alifika kwangu, kachana nywele. Akasema mambo ya benki ni ya wasomi, akaunti ifunguliwe kwa jina lake, mimi nitulie nyumbani. Nikamjibu nitafikiri. Kesho yake, kabla hajaja, nilimfunga jogoo miguu, nikamtia kapuni, nikaenda benki ya hapa hapa Tunduma peke yangu.

Mlinzi wa mlangoni aliuliza kapu lina nini. Jogoo akajibu mwenyewe.

"Mama, kuku haingii humu."

Nikamwambia si wangu, ni wa karani. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na wabadilisha kwacha za Zambia waliokaa nje wakaanza kuuliza bei. Wao wanacheka, mimi nimelishika kapu kwa mikono miwili. Nilijua nikiingia mikono mitupu faili litapotea, na faili likipotea nitarudi mikononi mwa shemeji maisha yangu yote. Mwishowe mlinzi akaniahidi kumtunza jogoo, nikaingia.

Ndani kulikuwa na msichana wa umri wa kitinda mimba wangu. Aliniamkia vizuri, akapokea picha zangu na barua ya kustaafu. Nikamnong'oneza kwamba kitu chake kipo mlangoni, kinene tu. Kalamu yake ikasimama.

"Huyo jogoo kawapikie wanao, mama. Hapa weka sahihi yako tu."

Nikaliandika jina langu, herufi zimeegemeana kama watu waliotoka kilabuni. Jina langu, la mwingine halipo.

Hata hivyo sikumwamini. Nilirudi na jogoo nikaapa hachinjwi mpaka nizione fedha kwa macho. Akala mahindi yangu mwezi mzima, akawika kwa dharau.

Siku ya malipo ilipofika nilichukua kadi niliyopewa na yule msichana, nikaenda kwenye mashine ya ukutani pale benki. Mlinzi yule yule akanionesha pa kuchomeka kadi, kisha akageuka asiione namba yangu, ambayo tunaijua mimi na Mungu. Mashine ikanguruma kidogo, ikatoa noti. Haikuniuliza nimeleta nini. Nikacheka peke yangu pale pale, na mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akacheka pia, sijui alicheka nini.

Mchana huo jogoo alichinjwa. Chungu kikiwa bado mekoni, shemeji akatokea; pua yake haijawahi kupotea njia. Akauliza tunakwenda lini mjini kushughulikia lile suala letu la akaunti.

"Nimeshachukua, shemeji. Karibu ule."

Akanawa mikono. Kwetu firigisi ni ya mwanamume, na tangu mume wangu afe alikuwa akiila yeye, hata siku za msiba wake. Nilimpakulia ugali wa kutosha, mchuzi, na shingo. Akakoroga bakuli kwa tonge, akainua mfupa, akatazama chini yake. Hakuuliza, na mimi nisingeweza kumjibu. Jogoo alikuwa mzee, firigisi ilikuwa ngumu, na mdomo wangu ulikuwa umejaa.