Siku Tumba ya Mjomba Ilipopasuka

Paa! Halafu kimya. Mpaka leo mtu akiangusha ubao nyuma yangu nashtuka, maana nausikia mlio ule ule: ngozi ya mbuzi ikipasuka juu ya moto, nyuma ya ukumbi wetu wa Magomeni ya huku kusini, Jumapili mchana, mimi nikiwa nimeipa mgongo.

Tumba ile, ngoma ndefu ya kupigwa kwa viganja, ilikuwa ya mjomba wangu, kaka yake mama. Aliichonga mwenyewe, akaiwamba mwenyewe, na bendi yenyewe ilianzia kwake: yeye na tumba, na jirani mmoja mwenye gitaa kavu, wakipiga kwenye harusi za Ufukoni. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Baadaye likaja tarumbeta mikononi mwa karani wa bandarini, mtu wa bara aliyejifunzia kupuliza kanisani. Huyo ndiye akawa kiongozi. Kisha wakaingia vijana wa suruali za pekosi na viatu vya raizoni, muziki wa soul umewajaa kichwani. Wakubwa wa serikali walisema soul ni kasumba, basi bendi ikafanya ujanja: maneno yakawa ya korosho na kilimo cha pamoja, miguu ikabaki ya soul. Watu walicheza bugi hadi vumbi likapanda, huku wakiitikia habari za palizi!

Mimi nilimaliza la saba nikiwa na ndoto moja tu, kuimba. Mjomba ndiye aliyenisemea kwa kiongozi: "Huyu binti ana koo. Mpe hata beti mbili." Jumapili hiyo nikapewa beti zangu mbili. Gauni niliazima.

Sasa, tumba ya ngozi haipigwi hivi hivi. Unyevu wa pwani huilegeza, kwa hiyo lazima iote moto kwanza. Kazi hiyo mjomba hakumwachia mtu. Lakini siku ile alasiri iliingia moto ukiwa ndio kwanza umeshika.

"Mama, naenda kuswali," aliniambia. "Iguse kila mara. Ikiwa na joto kama utosi wa mtoto mchanga, itoe."

"Sawa, mjomba."

"Sawa ipi? Macho yako yashafika jukwaani."

Tukacheka, akaenda.

Nikaokota gunzi, nikalifanya kipaza sauti, nikaugeukia ukuta. Niliimba ubeti wa kwanza, nikaurudia. Kwenye wa pili nikaongeza kutikisa bega. Ukuta ulinishangilia sana. Nyuma yangu upepo ukaamsha moto wa makuti. Paa!

Kiongozi alitoka mbio. Mjomba naye alikuwa anatokea, maji ya udhu hayajamkauka miguuni.

"Mzee! Tumba imeungua na wageni wameshakaa! Nani alikuwa hapa?"

Nilijua kabisa: nikisema mimi, beti zangu mbili zinakwenda na ile ngozi. Nikaangalia gunzi. Mjomba akanitazama, akatazama majivu, akangoja. Alingoja muda wa kumtosha mtu yeyote mwenye kinywa. Ndipo akasema, "Moto niliuwasha mimi."

"Uzee huo, mzee wangu. Nenda kapumzike. Usirudi tena."

Niliimba. Watu walipiga makofi, nami nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilifurahi kweli.

Mjomba akarudi Mpapura kwenye mikorosho yake. Bendi ikapata ngoma za plastiki, wengine wakatoka, wengine wakaingia, muziki ukaendelea miaka na miaka, na mimi mbele. Nilikuwa nikimpelekea sukari na sabuni vikipatikana. Kila safari nilikwenda na neno mdomoni, na kila safari nikarudi nalo mjini. Yeye aliuliza tu, "Ile ya korosho bado mnaipiga?" Vidole vyake vikaanza kuipiga pajani, bila kukosea.

Juzi afisa utamaduni aliomba historia ya bendi. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, kiongozi akawa anasema, mimi naandika. Tukafika kwa mjomba.

"Weka hivi: mpiga tumba wa kwanza aliondolewa kwa uzembe, baada ya kuunguza chombo."

"Si tuseme alistaafu?"

"Dada, historia ni historia. Andika."

Nikaandika. Kwa mkono wangu huu huu.

Alipokwenda bandarini nilibaki ukumbini peke yangu na daftari. Nikaukata ule mstari kwa wino, na juu yake nikaandika: "Tumba iliunguzwa na mwimbaji wetu. Aliachiwa moto, yeye akaimbia gunzi. Mpiga tumba hakukosa, bali alimfichia mpwa wake." Nikaweka jina langu kamili. Kisha nikaliacha daftari wazi juu ya kiti cha kiongozi, nikalilaza tarumbeta lake pembeni mwa ukurasa, upepo usije ukaufunika.