Wali Uliojificha Kwenye Nywele

Miaka ile serikali ilikuwa imewaachia watu binafsi biashara ya pamba, ila mihuri ilibaki nayo. Nilikuwa ofisi ya wilaya pale Bariadi, nyuma ya mzee na mkewe waliofuata kibali cha kusafirisha ng'ombe, mtafiti mmoja alipoomba ruhusa ya kukusanya nywele za watu.

"Nywele si zao la shamba wala mifugo," karani akasema, akipekua fomu. "Za nini?"

Mtafiti akaeleza kwamba chakula huacha alama mwilini. Mahindi na mtama huacha ya kwao, mchele ya kwake, na kwa kuwa nywele hukua taratibu, unywele mmoja husimulia miezi kadhaa.

Yule mama akamgeukia mumewe. "Vua kofia, baba watoto. Kwetu ni ugali tu tangu mavuno."

Mzee akavua. Kichwa kilikuwa kimenyolewa hadi kinang'aa.

"Hata kucha zinafaa," mtafiti akasema, kwa nia njema kabisa.

Mzee akaingiza mikono mifukoni. Foleni nzima ikamngoja.

"Ni siku za mnada tu," akasema mwishowe. "Wali sahani moja. Na nyama kidogo."

Mtafiti hakuwa amekata hata unywele mmoja, na jibu la kwanza alikuwa nalo tayari.

Mama alicheka mpaka akashika kaunta. "Basi mnada ujao tunakwenda wote. Tukipimwa, tufanane."

Fomu ya nywele haikuwepo, basi karani akagonga muhuri kwenye ile ya ngozi za mifugo, kisha taratibu akavaa kofia yake mwenyewe, akafunika nywele zote.